Ukucha wa Usumani

Usumani alifumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mpira, polepole, upande mmoja hadi wa pili, kama mtu anayetafuta ufa kwenye yai. Akaugeuza, akapitisha tena. Kijana mrefu aliyesimama mlangoni alikuwa amezuia pumzi bila kujua kwa nini. Mimi nilikuwa nimezuia yangu nikijua kabisa. Mwishowe Usumani akafumbua macho, akanirudishia mpira.

"Sisikii kitu," alisema.

Kwa mtu asiyemjua Usumani, hayo ni maneno mawili tu. Kwangu ilikuwa shahada. Nilikuwa nimeshona ngozi kando yake kwa miaka kumi na sita, na maneno hayo alikuwa amenipa mara nne, mara moja kati ya hizo akiwa na homa. Basi kichwa kikanivimba. Nikaitia mipira yote tisa kwenye mfuko wa karatasi, nikamkabidhi yule kijana, nikamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru mara tatu, akaondoka mbiombio kwenda kuijaribu.

Jina lake Senan. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa Ireland, mchezaji wa mchezo ambao mimi hata jina lake sikuwa nimewahi kulisikia, na alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu ya kuingia kwenye timu ya kaunti yake. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuiharibu nafasi ile, huku nikitabasamu.

Karakana yetu iko Batsinda, kati ya saluni na duka la unga, na mgongoni mwake kuna ghala la soda lenye ukuta mrefu usio na dirisha hata moja. Tunashona mikoba ya shule, mikanda, viatu vilivyofumuka, na zaidi ya vyote viti vya pikipiki, maana motari wa Kigali, mwendesha pikipiki ya abiria, anaweza kuvumilia njaa lakini hawezi kuvumilia kiti kilichochanika. Mwenye karakana ni Usumani. Babu yake alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani, akaoa, akabaki, na kutoka kwake Usumani alirithi cherehani moja, msahafu mmoja, na Kiswahili ambacho anakilinda dhidi yetu sote. Mimi nilizaliwa Bujumbura kwa wazazi Wanyarwanda. Nilirudi Kigali nikiwa na miaka ishirini na miwili na sanduku moja, bila ufundi wowote, na kila nilipofungua mdomo Usumani alisahihisha neno la kwanza kabla sijafika la pili.

Mshono alinifundisha kwa ukucha ule. Ukimaliza kazi, anafumba macho na kuupitisha. Ukucha ukikwama mahali, hata padogo kama chunusi, hasemi kitu. Anachukua wembe na kufumua yote tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza nilifumua kuliko nilivyoshona. Nililia mara mbili, mara moja mbele ya mteja. Lakini mkono ukajifunza kuficha uzi, kukunja kingo ndani, kuupondaponda mshono kwa nyundo mpaka ngozi mbili ziwe moja. Fundi anayeonyesha uzi, alikuwa akisema, anaonyesha ujinga wake.

Aliyetuletea Senan ni Clovis, motari ambaye kiti chake nimekishona mara nyingi kuliko viatu vya wanangu. Ilikuwa mwezi wa sita, kiangazi kimeshaanza kutufunika vumbi. Kijana alishuka na fimbo ya ajabu mgongoni, akainama kupita mlangoni, akamwamkia Usumani shikamoo. Akaniamkia na mimi shikamoo. Kisha akamgeukia Clovis, anayelingana naye umri, akampa shikamoo na yeye kwa kumshukuru safari. Clovis alicheka mpaka ikabidi ashuke kwenye pikipiki. Hapa Kigali hatuamkiani hivyo. Ni Usumani peke yake aliyeitikia marahaba, na nadhani alimpenda tangu dakika ile, ingawa hajakiri mpaka leo.

Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka sita. Mama yake, mkunga, aliwahi kufanya kazi Moshi. Wakaondoka Senan akiwa na umri huo, na lugha ikabaki palepale ilipoachwa. Sasa mama alikuwa amepata mkataba wa mwaka mmoja wa kufundisha wakunga Kigali, kijana akamfuata, wakapanga nyumba Kagugu. Akafungua mfuko juu ya meza yetu ya kukatia. Ikabingirika mipira tisa midogo ya kutosha kiganjani, ngozi zimechanika, nyuzi zinaning'inia.

"Mipira yangu imekufa," alisema.

Alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu za kuanzia, lakini alilisema kama mtoto anayekuonyesha kifaranga. Nikajua nitaifanya kazi ile hata ikinichukua mwezi.

Mchezo wenyewe alitueleza kidogo kidogo, kila alipopita. Unaitwa hurling. Wachezaji ni kumi na tano kila upande, na kila mmoja ana fimbo ya mti mweupe wa kwao, bapa mwishoni kama mwiko wa ugali. Mpira unapigwa hewani, unadakwa kwa mkono, mtu anakimbia nao ukiwa umekaa juu ya ule mwiko, na ukianguka chini huruhusiwi kuuokota kwa vidole. Lazima uuinue kwa fimbo. Usumani aliuliza mara mbili kama kuna mtu anayetoka humo na meno yake yote. Senan akafungua mdomo, akamwonyesha pengo moja tu.

Ila jambo lililomleta Kigali hakulieleza kwa kicheko. Mwaka uliotangulia alikuwa ameachwa nje ya timu ya vijana wa chini ya miaka ishirini. Kocha alimwambia mbele ya wenzake: miguu unayo, moyo unao, mikono huna. Mpira ulikuwa unamponyoka. Majaribio ya mwisho ambayo umri ungemruhusu yalikuwa mwezi wa kumi na moja, na baada ya hapo mlango ungefungwa. Basi akaja kutafuta mikono huku, ambako hakuna hata mtu mmoja wa kucheza naye, akitegemea ukuta tu. Asubuhi kabla ya kwenda kufundisha michezo kwenye shule moja ya Kagugu, na jioni baada ya kutoka, alipiga mpira ukutani na kuudaka, mia mbili asubuhi na mia mbili jioni. Kila Jumapili ya pili mama yake alimpiga video, wakamtumia kocha.

Jirani zao wa Kagugu walikuwa wamechoka na makelele, kwa hiyo nikamwonyesha ukuta wa ghala. Mlinzi wake ni mteja wetu. Tangu siku ile, mipira tisa ikiwa mezani kwangu inasubiri, yeye alikuwa nyuma ya karakana na mitatu ambayo bado ilikuwa inapumua. Nilimsikia asubuhi na jioni. Mlio mmoja wa fimbo, mlio wa ukuta, kisha kiganja, tena na tena, mpaka mpira umponyoke na usikie anaukimbilia kwenye changarawe. Bila kutaka nikawa nashona huku nahesabu. Arobaini, kimya. Hamsini na mbili, kimya. Siku moja alifika sitini na saba, na Joselyne wa saluni akapiga vigelegele akiwa na kichwa cha mteja mikononi.

Ile tisa niliishughulikia kwa wiki tatu. Ndani ya kila mmoja kulikuwa na kiini cha mti mwepesi kama kizibo cha chupa, kimezungushiwa uzi. Nje, vipande viwili vya ngozi vimekatwa mfano wa nane, kimoja kinakumbatia kingine. Penye maungio kingo zilikuwa zimesimama juu, zimechakaa, zinachomoza kama ukingo wa sufuria kuukuu. Nikaona huo ni uchakavu, tena ni kazi ya fundi mvivu. Nikazikata zote kwa wembe. Nikaweka ngozi ya mbuzi niliyoilainisha mwenyewe, nikashona kwa ndani, nikaponda kwa nyundo, nikapaka nta. Mipira ikatoka myororo kama mayai. Viti vya pikipiki vilirundikana mpaka Clovis akaanza kukalia gunia, na sikujali.

Siku ya kwanza ya mipira yangu, ile mitatu ya zamani ikiwa imekwisha kufa nayo, nilinyamazisha cherehani ili nisikie vizuri. Nikahesabu tisa. Kimya, miguu kwenye changarawe. Kumi na moja. Sita.

Nikajiambia kijana amechoka. Wiki ya pili nikajiambia ni vumbi la kiangazi, linamwingia machoni. Wiki ya tatu nikasema ni Joselyne, maana alikuwa ameanza kutoka nje kila saa kumi na moja kumwaga maji ambayo hayakuwa na haja ya kumwagwa. Kila wiki nilikuwa na sababu mpya, na kila sababu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilisikia, nasema kweli. Masikio yangu yalijua kabla ya kila mtu. Lakini Usumani alikuwa amesema hasikii kitu, na mtu akishapewa sifa kama ile hapendi kuirudisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji yangu nilikuwa nimekwisha kuyatia.

Yeye mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Alipita jioni, amelowa jasho, akaketi kwenye kigoda na kunywa chai yetu ya maziwa. Nilimuuliza mipira inaendaje. Akasema mizuri, Mama Kirezi. Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama walivyoniita watu wote wa mtaa. Kufikia mwisho wa mwezi wa nane alikuwa anafika ishirini na tano, wakati mwingine thelathini, nikajipongeza kimoyomoyo.

Mwezi wa tisa, Jumatano, alikuja bila jasho. Fimbo alikuwa ameifunga kwenye taulo. Akamwamkia Usumani, akaketi, na chai hakuigusa. Kocha alikuwa amejibu. Ameziangalia video zote tangu mwezi wa saba, na mikono imerudi nyuma kuliko hata mwaka jana. Asijisumbue kusafiri. Nafasi yake watampa mwingine.

Usumani akainamia kiatu alichokuwa anakitia kisigino, akakigonga mahali ambapo hapakuwa na msumari.

"Sasa mikono iko wapi, Mama Kirezi?" Senan aliniuliza. "Nimetafuta kila siku."

Aliuliza kama mtu anayeulizia kitu kilichopotea ndani ya nyumba, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Kisha akatoa mfukoni mpira mmoja mweupe, mpya kabisa. Alikuwa ameuhifadhi kwenye soksi tangu atoke kwao, hajaupiga hata mara moja, kwa ajili ya asubuhi ya majaribio. Sasa hauhitaji tena. Alitaka ubaki kwetu, tuuweke juu ya rafu, tumkumbuke.

Nikaupokea. Na kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna, nikapitisha ukucha juu yake.

Ukakwama.

Nikapitisha tena. Ukakwama palepale, ukaruka juu ya kitu kama tuta la barabarani, ukateremka upande wa pili. Mpira wote ulikuwa umezungukwa na tuta lile, zile nane mbili zimetenganishwa na kingo nene zilizosimama wima, uzi mweusi unaonekana wazi bila aibu yoyote. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba huyu fundi wa Ireland angekuwa mwanafunzi wa Usumani asingemaliza wiki. Wazo la pili lilipofika, nilimgeukia kijana.

"Senan," nikamwambia, "hii mpira iko na mshono nje. Ile yote ilikuwa namna hii? Ile tisa, kabla haijakufa?"

"Ndiyo. Yote."

"Hii kitu inayopanda juu, ni ya kazi gani?"

Akanionyesha. Akafunga vidole juu ya mpira, na kila kidole kikapata tuta la kujishikiza. Akaifungua fimbo kwenye taulo, akauweka mpira kwenye ubapa, akauinamisha, na mpira ukakaa, tuta limeuzuia. Kisha akatoa mfukoni mmoja wa ile ya kwangu, akauweka vilevile. Ukateleza, ukaanguka, ukabingirika mpaka chini ya cherehani. Tukauangalia sote watatu. Hakuna aliyeinama kuuokota.

"Juu ya nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Akavitazama viganja vyake. "Nilidhani ni mikono yangu."

Neno hilo lilinichoma kuliko angenitukana. Mtu akishaambiwa mbele ya wenzake kwamba hana mikono, hata umpe sabuni adake, akidondosha atajilaumu mwenyewe. Ikabidi nimwambie na la kwangu. Nikamwambia kwamba niliusikia ukuta. Nikamwambia hamsini na mbili za kabla na kumi na moja za baada, na jinsi nilivyomsingizia vumbi, uchovu na Joselyne. Nilipofika kwa Joselyne masikio ya Senan yakawa mekundu, akacheka licha ya machozi, nami nikapata nafuu kidogo.

Usumani ndiye aliyeinuka. Akauchukua ule mpira mpya, akautia kiganjani mwa Senan, akamwonyesha mlango wa nyuma kwa kidevu.

Hatukutoka kumwangalia. Tulikaa palepale, mimi na Usumani, tukasikiliza. Fimbo, ukuta, kiganja. Thelathini. Hamsini na mbili ikapita. Sitini na saba ikapita. Saluni ikanyamaza. Kwenye mia na kumi Usumani akakosea hesabu, akarudi mia na tano, nikamnyamazisha kwa mkono. Kwenye mia mbili na tatu mlio ukakoma, na haukukoma kwa kudondoka. Senan alikuja akasimama mlangoni akiwa na mpira kiganjani, anautazama kana kwamba umemsemesha.

"Unakaa," alisema. "Unakaa wenyewe."

Basi kukabaki kocha. Senan alisema hawezi kumwandikia kwamba kosa ni la mipira. Kila mchezaji mbovu duniani husema hivyo. Alikuwa na haki. Nikamwambia amwite mama yake aje na simu.

Hapo ndipo mimi na Usumani tulipogombana, ugomvi wetu wa kwanza wa maana. Kwa Usumani fundi hakiri kosa mbele ya mteja; analirekebisha usiku na asubuhi anasema alichelewa kwa sababu ya umeme. Babu yake alifanya hivyo, baba yake alifanya hivyo. Na sasa mimi nataka kulikiri mbele ya simu, lipelekwe ng'ambo, jina la karakana likiwa ukutani nyuma yangu. Akasema ukucha wake haujawahi kukosea. Nikamjibu kwamba ukucha haukukosea, mshono kweli haukusikika. Sisi ndio tuliokosea, yeye na mimi. Usumani akasogeza kigoda chake pembeni, kisionekane kwenye picha.

Video ile ninayo mpaka leo. Nimevaa aproni, nimeshika mpira kila mkono, na uso umenikauka. "Jina langu Alida," nasema. "Mimi ni fundi wa ngozi, Batsinda, Kigali. Hii kosa iko yangu, haiko ya huyu kijana. Nilikata ile kitu inayopanda juu, nikadhani ni ubovu. Miezi miwili alikuwa anadaka sabuni." Senan anatafsiri kwa sauti ndogo kandoni. Mwishoni, pale ambapo mama yake alikuwa karibu kuzima, sauti inasikika kutoka nje ya picha, kwa Kiswahili safi cha pwani: "Na mimi niliipitisha mipira ile. Jina langu Usumani."

Tulisubiri siku mbili. Sikumbuki kazi niliyoifanya siku hizo, ila nakumbuka Clovis alikuja kila baada ya abiria mmoja kuuliza kama muzungu wa kule amejibu. Jibu lilikuja Ijumaa, fupi. Mshukuru fundi. Njoo.

Ikabaki miezi miwili kasoro, na mipira tisa ya kushona upya. Sijawahi kupata shida kama ile. Kuficha mshono nilikuwa nimejifunza kwa machozi. Sasa ilibidi niutoe nje, niusimamishe, niuache uonekane na kila mpita njia, na mikono haikutaka. Nikigeuka kidogo tu, vidole vinakunja kingo ndani vyenyewe. Ilibidi niweke kamba nyembamba chini ya ngozi, nivute uzi mpaka tuta lijae, na nyundo nikaificha ili nisishawishike kuponda. Wa kwanza ulipokamilika nikampelekea Usumani. Akafumba macho, akapitisha ukucha, ukakwama, na mkono wake wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye wembe. Akauona mkono wake, akaurudisha. Tukacheka mpaka mwenye duka la unga akaja kuuliza kuna nini.

Senan aliondoka wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Majaribio yalikuwa siku tatu, na usiku wa siku ya tatu aliandika neno moja kwa Kiswahili chake cha Moshi: Nimebaki.

Hakuwa nyota, wala sitaki mtu adhani hivyo. Alipewa jezi namba ishirini na mbili na benchi la kukalia. Mechi mbili za mwanzo hakuingia kabisa. Ya tatu alitutumia video, tukaitazama kwenye simu ya Joselyne, ambaye kwa sababu anazozijua mwenyewe alikuwa amenunua simu yenye kioo kikubwa. Aliingia dakika ya hamsini na tatu kati ya sitini. Mvua ilikuwa inanyesha, uwanja wa kijani kupita kiasi, wanaume wanagongana kama mbuzi. Mpira ukapigwa juu sana, ukawa unashuka katikati ya watu wanne. Fimbo nne zikainuka. Katikati yake ukainuka mkono mmoja mtupu, umelowa maji, ukafunga, na haukufunguka. Clovis alipiga kelele ya kuamsha mtaa. Usumani akasema tu, taratibu, kwamba mikono imepatikana.

Kifurushi kililetwa mwaka uliofuata na mwalimu mmoja aliyerudi Kigali kwa mkataba mpya, mwenzake mama yake Senan. Ndani mlikuwa na mpira mmoja uliochanika, wa mechi ile ya mvua, na ujumbe wa sauti ukatufikia siku hiyohiyo kwenye simu. Alitusalimia wote kwa majina, akaanza na shikamoo ya Usumani. Kisha akasema kocha anauliza kitu. Kwenye majaribio kocha alishangaa: wengine wote mpira wa mvua unawaponyoka, huyu unamkaa. Senan akamweleza miezi miwili ya sabuni. Na sasa kocha anataka vijana wake wote wapite humo kabla ya msimu kuanza.

"Mama Kirezi," alimalizia, "kocha anaomba utushonee sita. Zile mbaya."

Nikaitafuta nyundo nilikokuwa nimeificha. Nikakata ngozi ya mbuzi, nikakunja kingo ndani, na mikono ikaenda bila kuulizwa, kama punda anayerudi nyumbani. Wiki nzima viti vya pikipiki vikasubiri. Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, majembe yakiwa bado na udongo pale mlangoni, nikaipanga yote sita mbele ya Usumani.

Akafumba macho. Akaanza na wa kwanza, polepole, upande mmoja hadi wa pili, akaugeuza. Wa pili. Wa tatu. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini kasoro na mwenye watoto watatu, nilikuwa nimezuia pumzi. Alipomaliza wa sita akaurudisha mezani kwa upole, akafumbua macho, akanitazama.

"Mbaya kabisa," alisema.